Embassy ni ya nani?

Na Mwandishi Wetu

*Jina hilohilo lina mwenyewe Dar es Salaam, mwingine Nairobi, na wa tatu Uingereza. Safari ya majina ya sigara, kutoka mashine ya kijana wa Virginia hadi kwenye boksi la mchuuzi wa Tazara.*

Jioni, foleni inapokaza chini ya Daraja la Mfugale pale Tazara, mchuuzi wa sigara husikika kabla hajaonekana. Anachezesha sarafu kiganjani, na mlio ule kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua: karanga, pipi na sigara zinapita.

Boksi lake ni la makaratasi, limekatwa upande mmoja likawa kama kabati dogo. Pakiti zimesimama kwa safu: Embassy, Portsman, Sweet Menthol, Winston. Abiria anatoa mkono nje ya dirisha la daladala, anataja jina moja, anapewa sigara moja. Neno "sigara" halitamkwi na yeyote. Hakuna haja.

Embassy aliyopewa haikusafiri mbali. Kiwanda cha Tanzania Cigarette, ile TCC ya siku zote, kiko Barabara ya Nyerere hiyohiyo, Chang'ombe. Ila panda basi usiku, amkia Nairobi, simama kwenye kibanda chochote cha River Road utaje jina lilelile. Utapewa Embassy pia, na ni ya watu wengine kabisa.

Embassy ya Dar es Salaam ni mali ya TCC, kampuni iliyo chini ya Japan Tobacco. Ya Nairobi ni mali ya British American Tobacco, yaani BAT, mahasimu wao. Na ukifika Uingereza lilikozaliwa jina lenyewe, utakuta Embassy ya tatu, hii ya Imperial Brands.

Kampuni tatu zinazogombea wavutaji duniani kote, jina moja, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Imekuwaje?

Kijana na mashine yake

Kabla ya mashine, sigara ilisokotwa kwa vidole. Msokotaji hodari kiwandani alitoa nne hivi kwa dakika. Mwaka 1881 kijana wa Virginia, Marekani, James Bonsack, alipata hataza ya mashine iliyosokota bomba moja refu la karatasi lililojaa tumbaku, huku kisu kikilikata vipandevipande. Kwa siku ya kazi ya saa kumi ilitoa sigara 120,000.

Bristol, nchini Uingereza, kampuni ya W.D. & H.O. Wills ilinunua haki ya kuitumia mwaka 1883. Kule Marekani wenye viwanda waliigwaya kwa sababu ilikwama mara kwa mara. James Buchanan Duke, mtoto wa mkulima wa tumbaku, hakuigwaya. Aliichukua, akatafuta fundi wa kuitengeneza, akajikuta na sigara nyingi kuliko midomo iliyokuwepo.

Hapo ndipo biashara ilipogeuka. Sigara ya mashine haina mkono wa mtu ndani yake. Ya Duke na ya jirani yake zilifanana kama punje mbili za mtama. Ili mnunuzi achague hii aache ile, ilibidi apewe sababu iliyo nje ya tumbaku: pakiti inayovutia, picha ndogo ya kukusanya iliyotiwa ndani, na juu ya yote, jina. Duke alimwaga fedha kwenye matangazo mpaka washindani wake wakubwa wakachoka, na mwaka 1890 akawaunganisha wote chini yake katika American Tobacco Company.

Mwaka 1901 akavuka bahari. Alinunua kiwanda cha Ogden's cha Liverpool na kuanza kuuza kwa bei ya kuua. Waingereza walishtuka, kampuni 13, Wills ikiwa mbele, zikaungana na kujiita Imperial Tobacco. Kwa mwaka mzima pande hizo zilivuana nguo kwa kushusha bei.

Septemba 1902 walipatana. Imperial isiuze Marekani, American isiuze Uingereza, na dunia yote iliyobaki iwe ya kampuni mpya watakayoimiliki pamoja, British American Tobacco. Majina ya sigara nayo yakagawanywa kwa ramani: nyumbani ni ya huyu, nje ni ya yule.

> *Ilikuwa miaka 17 tu tangu Mkutano wa Berlin umalizike. Safari hii Afrika iligawanywa kwa pakiti.*

Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja himaya ya Duke kwa kuhodhi soko. BAT ilibaki, na mipaka ya majina ikabaki nayo. Wills walipotoa Embassy mwaka 1914, ilikuwa imeshaandikiwa hatima hiyo: Uingereza ya Imperial, ng'ambo ya BAT.

Mombasa, Jinja, Chang'ombe

BAT ilianza biashara Mombasa mwaka 1907. Kiwanda kilifuata Jinja, Uganda, mwaka 1928. Cha Chang'ombe kilikuja mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wenyewe, kikiitwa East African Tobacco Company. Baada ya miaka minne kikabadilishwa jina na kuwa BAT Tanzania.

Kisha likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1967 Serikali ilichukua asilimia 60 ya kampuni hiyo. Mwaka 1975 ikachukua iliyobaki, na Tanzania Cigarette Company ikazaliwa. Majengo yalichukuliwa, mashine zikachukuliwa, na pamoja navyo kikaja kitu kisichoshikika: majina. Embassy na Sweet Menthol zikabaki kwenye rafu za Tanzania zikiwa mali ya umma, huku Kenya majina hayohayo yakiendelea kuwa ya BAT.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tulizozana juu ya mabehewa, ndege na meli. Sigara zilikuwa zimeshagawanyika kimyakimya, pasipo tume wala msuluhishi.

Hadi leo mvutaji anayevuka Namanga hukutana na mauzauza haya. Jina analijua, pakiti siyo. Kenya kuna Sportsman yenye kichwa cha farasi, Tanzania kuna Portsman. Herufi moja imeachwa mpakani kama mzigo usiolipiwa ushuru.

Mwaka 1995 Serikali iliuza asilimia 51 ya TCC kwa R.J. Reynolds ya Marekani. Miaka minne baadaye Reynolds yenyewe iliuza biashara yake yote ya nje ya Marekani kwa Japan Tobacco, na Chang'ombe ikaenda humohumo ndani ya furushi. Sheria ya Japani inaitaka Serikali ya nchi hiyo iwe na zaidi ya theluthi moja ya hisa za Japan Tobacco. Kwa hiyo kiwanda tulichokibinafsisha kwa hoja kwamba serikali haifanyi biashara ya sigara, sasa mwenye nacho mmojawapo ni serikali. Ya Tokyo.

Kenya nako kulitokea jambo ambalo Duke asingelifurahia. Wilfred Murungi, aliyewahi kufanya kazi BAT, alianzisha kampuni yake, Mastermind Tobacco, akatoa Supermatch. Jina hilo halikuwa na babu Bristol wala Virginia, na liliuzika.

Havana: kiwanda chako, jina langu

Anayetaka kuona jina la tumbaku likipiganiwa hadi jasho la mwisho aende Cuba.

Huko kinachosifika ni biri, ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu, bila karatasi. Viwanda vya Havana vilikuwa na desturi ambayo waandishi tunaiona wivu: wasokotaji waliajiri msomaji, akae juu ya jukwaa awasomee magazeti na riwaya wakati mikono yao ikifanya kazi. Montecristo, biri iliyoanza mwaka 1935, ilipata jina kutokana na riwaya ya Alexandre Dumas iliyopendwa na wasokotaji hao.

Septemba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vyote. Tofauti na Chang'ombe, hapa wenye mali walikuwa familia, na familia zina kumbukumbu. Kina Menéndez na García, wenye Montecristo na H. Upmann, waliondoka. Ramón Cifuentes, mwenye Partagás, naye aliondoka. Hawakubeba mashine wala mashamba. Walibeba ujuzi, na dai kwamba jina ni lao popote walipo.

Februari 1962 Rais John F. Kennedy alipiga marufuku bidhaa za Cuba kuingia Marekani. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba bosi wake alimtuma kwanza amtafutie biri za Petit Upmann. Kesho yake alipoleta 1,200, ndipo Rais akatoa karatasi mezani na kuitia saini. Wakubwa ni wakubwa.

Marufuku hayo yalizaa mapacha. Ipo Partagás ya Havana na Partagás ya Jamhuri ya Dominika, ipo Montecristo hii na Montecristo ile. Za Cuba huuzwa duniani kote isipokuwa Marekani. Ndugu zao huuzwa Marekani.

Kisa cha Cohiba kinachekesha zaidi, kwa sababu jina hilo halikutaifishwa kutoka kwa mtu. Lilibuniwa na Mapinduzi yenyewe mwaka 1966, kutokana na neno la Wataino, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho. Mlinzi mmoja wa Castro alikuwa akivuta biri anazosokotewa na rafiki yake. Castro akaonja, akapenda, na kiwanda cha El Laguito kikaanza kuzitengeneza kwa ajili yake na wageni wa heshima. Mpaka mwaka 1982 hazikuuzwa dukani.

Marekani, kampuni ya General Cigar iliona mlango uko wazi. Ikaomba kusajili jina Cohiba mwaka 1978 na ikakubaliwa mwaka 1981. Cuba ilishtaki mwaka 1997. Mwaka 2004 jaji aliipa ushindi. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaupokonya, ikisema maadamu kuna vikwazo, chombo cha Cuba hakiwezi kupata mali ndani ya Marekani, na jina ni mali. Cuba haikukata tamaa. Desemba 2022 bodi ya alama za biashara ya Marekani iliufuta usajili wa General Cigar, ikitegemea mkataba wa nchi za Amerika wa mwaka 1929. General Cigar nayo haikukubali, ikakimbilia mahakamani.

Robo karne ya mawakili kwa ajili ya herufi sita.

Ngamia mwenye mabwana wawili

Camel ilitolewa na R.J. Reynolds mwaka 1913. Tangu ile biashara ya mwaka 1999, Camel ya nje ya Marekani ni ya Wajapani. Ya ndani ilibaki kwa Reynolds, na Reynolds ikamezwa na BAT mwaka 2017. Maana yake ngamia yuleyule ni rafiki wa TCC akiwa Afrika na adui wake akiwa Chicago.

Marlboro, jina kubwa kuliko yote, halikunusurika. Philip Morris mwenyewe alikuwa na duka tu London mwaka 1847, akafa mwaka 1873 bila kuijua Marlboro. Sigara hiyo ilitoka Marekani mwaka 1924 ikilengwa kwa wanawake. Katikati ya miaka ya 1950, watu walipoanza kuhofia saratani, mtangazaji wa Chicago aitwaye Leo Burnett aliifanya ya kidume: akamweka mchunga ng'ombe, kofia na farasi. Kufikia mwaka 1972 ilikuwa inaongoza kwa mauzo duniani. Wanaume kadhaa waliopiga picha hizo, akiwemo Wayne McLaren aliyekufa mwaka 1992, waliuawa na maradhi ya mapafu.

Leo Marlboro ya Marekani ni ya Altria, ya nchi nyingine ni ya Philip Morris International, na ya Kanada, kwa sababu haki ziliuzwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, iko upande wa BAT. Mwaka 2006 Philip Morris walijaribu kuuza Kanada pakiti yenye ule mchoro wa Marlboro wa paa jekundu la nyumba, bila jina lolote. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikasema hapana: mvutaji akiiona tu, kichwani mwake anasoma Marlboro.

> *Jina limekuwa na nguvu kiasi kwamba hata likifutwa, mahakama inalisikia.*

Vita ya pakiti

Wanaopambana na tumbaku waliisoma hukumu kama hiyo kwa makini. Matangazo ya redio na televisheni yamepigwa marufuku katika nchi nyingi. Kilichobaki ni pakiti, bango dogo linalotembea mfukoni na kutolewa mezani mara ishirini.

Australia ilianza Desemba 2012: pakiti zote rangi moja ya matope, picha za maradhi, na jina kwa herufi ndogo zinazofanana. Kampuni zilipinga kwa hoja moja nzito: alama ya biashara ni mali halali, na kuizuia isionekane ni kuinyang'anya bila fidia. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliikataa hoja hiyo kwa majaji sita dhidi ya mmoja. Serikali haikuchukua kitu, ilisema. Ilizuia tu kitumike.

Kesi ikapelekwa Shirika la Biashara Duniani. Waliolalamika walikuwemo Honduras, Jamhuri ya Dominika, Indonesia, na Cuba. Ndiyo, Cuba ileile iliyotaifisha ilikuwa inatetea haki ya jina kuonekana. Kufikia Juni 2020 Australia ilikuwa imeshinda.

Uruguay ilikuwa na rais daktari wa saratani, Tabaré Vázquez. Iliamuru kila jina la sigara liwe na aina moja tu, hakuna tena "nyepesi" wala "dhahabu", na onyo lijae asilimia 80 ya pakiti. Philip Morris iliishtaki mwaka 2010. Mwaka 2016 ilishindwa, ikaamriwa kuilipa nchi hiyo ndogo dola milioni 7 za gharama.

Kenya ilipitia njia hiyohiyo. Kanuni za mwaka 2014, zilizotaka maonyo ya picha na mchango wa asilimia 2 kutoka kwa watengenezaji, zilipingwa na BAT ngazi baada ya ngazi hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa hiyo Novemba 2019.

Hoja za kampuni si za kupuuza zote. Pakiti zikifanana ni rahisi kughushi, na magendo yakishika soko, Serikali hukosa kodi na mvutaji haponi. Kwa upande wa pili, Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaouawa na tumbaku kila mwaka. Mwandishi huyu, aliyemzika mjomba wake mvutaji, hajifanyi hana upande.

Asiye na jina

Kuna mtu mmoja ambaye mabishano haya hayamtaji. Urambo, mkoani Tabora, ambako Waingereza walijaribu karanga baada ya vita wakaambulia hasara, ndiko tumbaku ilikochukua nafasi. Mkulima hulima tumbaku ya mvuke, huikausha ndani ya bani kwa moto wa kuni usiku na mchana, huku miombo ikiteketea, kisha huifunga marobota na kuyapeleka chama cha msingi yakapangiwe daraja.

Daraja ndilo jina pekee ambalo jani lake litapata. Likishachanganywa na ya Brazil na ya Zimbabwe, halina tena Urambo ndani yake.

Kijijini kwake kulikuwa na wazee waliosokota tumbaku yao kwenye kipande cha gazeti, pengine hili hili. Msokoto ule uliua kama sigara nyingine zote, ila haukuwa na mwenyewe aliyefaidika na chapa.

Moja kwa moja

Turudi Tazara, kwa sababu hapa ndipo vita ya pakiti inapopoteza maana.

Kenya imekataza kuuza sigara nje ya pakiti ya angalau kumi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zifanye juhudi kuzuia sigara zisiuzwe mojamoja. Lakini mchuuzi wa foleni anaishi kwa mojamoja. Abiria hana hela ya pakiti, na mwanafunzi aliyetoka shule hana kabisa.

Anayenunua hivyo haishiki pakiti. Onyo la afya, liwe la maneno au la picha, linabaki ndani ya boksi na mchuuzi, ambaye huenda havuti hata kidogo. Wabunge wakiongeza ukubwa wa onyo kesho asubuhi, abiria yule hataliona.

Foleni inasogea, sarafu zinalia tena, kiberiti kinawashwa. Kwenye karatasi ya ile sigara moja, karibu na kichungi, hakuna onyo lililochapwa. Kuna jina.